Risala ya Wakimbizi wa Kivu kwa Wasuluhishi wa Vita vya Mashariki ya Kongo

Waheshimiwa Wakuu wa Nchi na Serikali za Jumuiya ya Afrika Mashariki na za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC);
Mheshimiwa Msuluhishi uliyeteuliwa na Umoja wa Afrika;
Waheshimiwa Marais Wastaafu mnaosaidia kuongoza mazungumzo;
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunaomba mtusikilize.

Sisi ni wakimbizi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi wetu tumetoka Fizi, Uvira na Mwenga katika Kivu Kusini, na wamo wenzetu wa Masisi na Rutshuru katika Kivu Kaskazini. Tunaishi Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996, mwaka ambao wa kwanza wetu walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na maboti ya wavuvi, wakiamini kwamba watarudi kabla mihogo haijaozea shambani. Wengine walifuata mwaka 1998, na wengine wameendelea kufuata kila vita vilipowaka upya. Waliovushwa wakiwa mgongoni mwa mama zao leo ni wazazi, na watoto wao wanaijua Kongo kwa kusimuliwa. Wazee waliotuongoza njiani, wengi wao tumewazika hapa hapa.

Tunaishukuru Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na zaidi tunawashukuru wananchi wa Kigoma, ambao wameishi nasi miaka yote hii wakigawana nasi maji, kuni na masoko. Mwenyezi Mungu awalipe.

Waheshimiwa, hatukuandika risala hii kulalamikia mgawo wa chakula wala turubai. Hayo yana ofisi zake, na huko tunayasema. Tumeandika kuhusu vita vyenyewe: vinatokana na nini, na kwa nini juhudi za kuvimaliza, ambazo tumezifuatilia redioni tangu tukiwa vijana, hazijatufikisha nyumbani. Tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na katika SADC imo tangu 1997. Kwa hiyo tunazungumza na viongozi wetu wenyewe. Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba mikataba ya amani imewalipa wenye bunduki.

Hili tumelitanguliza kwa sababu ndilo linaloharibu mengine yote. Mkataba wa Lusaka ulitiwa saini Julai 1999. Ukafuata wa Pretoria, Desemba 2002, uliotupatia serikali ya mpito yenye rais mmoja na makamu wanne, wawili kati yao wakiwa viongozi wa makundi yaliyokuwa yakipigana na serikali. Tulishangilia. Tulisema, waacheni wapewe vyeo, mradi tulale. Januari 2008 mkutano mkubwa ulifanyika Goma na makundi zaidi ya 20 yenye silaha yakatia saini. Tarehe 23 Machi 2009 kundi la CNDP lilitia saini mkataba wake, wapiganaji wake wakaingizwa jeshini na maofisa wake wakapewa amri juu ya vikosi vya Kivu. Mmoja wao, Bosco Ntaganda, alikuwa anatafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa hati iliyotolewa tangu mwaka 2006, na bado alipewa cheo cha jenerali. Mwaka 2012 maofisa hao hao waliasi, wakalipa kundi lao jina la tarehe ya mkataba ule ule: M23.

Sisi tuliokuwa tukisikiliza tulijifunza jambo moja, na vijana vijijini walilijifunza kutuzidi. Mkulima aliyechomewa nyumba hapewi kiti katika mazungumzo. Aliyeichoma anapewa kiti, posho, hoteli na baadaye cheo. Ndiyo maana makundi yaliyokuwa zaidi ya 20 pale Goma leo yanahesabiwa kupita 100. Kila kijiji kilichoona jirani yake akiitwa mezani kwa sababu ya silaha nacho kilitafuta silaha. Waheshimiwa, tunalisema hili kwa uchungu, kwa maana baadhi ya vijana hao ni watoto wetu, waliotoroka kambini wakarudi porini kwa kuona kwamba uvumilivu wa wazazi wao haujazaa kitu.

Tunaomba kwamba katika mazungumzo yoyote yanayoendelea, yawe ya Doha, ya Washington au yale ya Umoja wa Afrika, waliohamishwa na vita, wakimbizi, wanawake na watawala wa jadi wapewe viti vyenye sauti, si viti vya kutazama. Tunaomba pia iandikwe wazi kwamba hakuna cheo cha jeshi wala cha serikali kitakachotolewa kwa mtu kwa sababu ya idadi ya wapiganaji alio nao. Mpiganaji wa kawaida apokelewe, apewe kazi na shule. Mkubwa wake achunguzwe kwanza.

2. Kwamba swali la nani ni Mkongo limeachwa bila jibu.

Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikaufuta, ikataka mtu atokane na makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka ya nchi mwaka 1885, jambo ambalo hakuna mwanakijiji anayeweza kulithibitisha kwa karatasi. Aprili 1995 bunge la mpito la Kinshasa likapitisha azimio la kuwahesabu Wanyamulenge, yaani Watutsi wa Kivu Kusini, na wenzao kuwa wageni. Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini akawapa Wanyamulenge wiki moja waondoke. Kabla mwezi huo haujaisha, Uvira ilikuwa imeanguka na vita vikawa vimeshika nchi, vikiongozwa na waliosema wamekuja kuwaokoa Wanyamulenge.

Wengi tulioandika risala hii ni Wabembe, Wafuliiru, Wavira na Wanyindu. Askari waliodai kuwatetea Wanyamulenge ndio waliotufukuza. Kasika, Agosti 1998, na Makobola, mwanzoni mwa 1999, ni majina ambayo baadhi yetu hawawezi kuyatamka bila kunyamaza kidogo, kwa sababu mamia ya watu wetu waliuawa huko, wengine ndani ya nyumba, wengine kanisani. Lakini usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, huko Gatumba nchini Burundi, zaidi ya wakimbizi 150 waliuawa kambini, wengi wao Wanyamulenge. Hao nao walikuwa wakimbizi kama sisi, na walilala kwenye turubai kama zetu. Tulibishana sana kabla ya kuiandika aya hii. Wapo kati yetu walioona tusiiandike. Tumeiandika kwa sababu tunaamini kwamba maadamu kuna Mkongo anayeweza kuamshwa asubuhi na kuambiwa si Mkongo, atakuwapo daima mtu mwenye jeshi atakayesema amekuja kumtetea, na sisi sote tutavuka ziwa tena.

Sheria ya uraia ya mwaka 2004 ilitengeneza mengi, lakini sheria bila kitambulisho haimsaidii mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Kwa miaka mingi Mkongo ametembea na kadi ya mpiga kura, kwa kukosa kitambulisho cha taifa. Tunaomba serikali yetu isaidiwe kuandikisha watu wote wa Kivu na kuwapa vitambulisho, na sisi tulio nje tuandikishwe hapa tulipo, pamoja na watoto waliozaliwa ukimbizini. Tunaomba pia lugha ya kumwita raia mgeni, itokapo kinywani mwa kiongozi yeyote, ichukuliwe hatua za kisheria.

3. Kwamba ardhi ndiyo kuni za vita hivi, na haijawahi kuwa ajenda.

Tunaomba subira yenu hapa, kwa kuwa tumeona wasuluhishi wengi wakilipita jambo hili haraka. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilifanya ardhi yote ya nchi kuwa mali ya dola. Kuhusu mashamba yanayokaliwa kwa desturi, yaani karibu yote ya vijijini, sheria hiyo ilisema yatapangiwa utaratibu kwa amri ya rais. Amri hiyo haikutoka. Kwa hiyo mwami, yaani mtawala wa jadi, anagawa kwa desturi, na ofisi ya mjini inagawa kwa hati, na shamba moja linakuwa na wenyewe wawili, kila mmoja akiwa na haki yake mkononi. Masisi ilimwaga damu kwa ajili hiyo mwaka 1993, kabla hata ya mauaji ya kimbari ya Rwanda na kabla ya mkimbizi yeyote wa mwaka 1994 kukanyaga Goma. Anayesema vita vya Kivu vililetwa vyote kutoka nje hajaisikiliza Masisi.

Kwetu Fizi na kwenye nyanda za juu za Itombwe, jambo linakuja kwa sura ya ng'ombe. Kiangazi kinapoanza wafugaji hushuka na mifugo kutafuta malisho. Tangu zamani walikuwa wakimpa mtawala wa eneo itulo, ada ya malisho, na mambo yalikwenda. Ng'ombe akila muhogo wa mtu, wazee walikaa, fidia ikatolewa, watu wakaendelea kuuziana maziwa na unga. Vita vilipoingia, wenye silaha walianza kukusanya itulo badala ya wazee, kila kundi upande wake. Leo muhogo mmoja ulioliwa unaweza kuchoma kijiji, na ng'ombe mmoja aliyeibiwa anaweza kuchoma kingine. Kisha serikali ikaigeuza Minembwe, huko huko nyanda za juu, kuwa komyuni ya vijijini, ikasimika uongozi wake Septemba 2020 na kuufuta mwezi uliofuata, bila kukaa na upande wowote. Pande zote mbili ziliondoka zikiwa na hasira na zikiwa na bunduki zile zile.

Na sisi tuliokimbia? Mashamba yetu yana watu. Wengine ni wakimbizi wa ndani waliofukuzwa kwao, na hatuwalaumu, mtu lazima alime apate kula. Lakini mengine yameuzwa na watu wasiokuwa wenyewe kwa watu wenye fedha, na karatasi zimetengenezwa mjini. Mama mmoja kati yetu alipigiwa simu na jirani yake wa zamani akiambiwa kwamba mti wa mwembe uliokuwa juu ya kaburi la mumewe umekatwa ili ijengwe ghala. Hana kesi, kwa sababu hana hati, na hajawahi kuwa na hati, kama vile mama yake na bibi yake hawakuwa nayo.

Tunaomba mambo manne. Amri iliyoahidiwa mwaka 1973, au sheria mahali pake, itoke na itambue ardhi ya desturi kwa maandishi. Ziundwe kamati za ardhi katika kila eneo la mwami, wakulima na wafugaji wakae humo kwa idadi sawa, na wanawake wawemo. Njia za ng'ombe na majira ya kushuka vipangwe kwa makubaliano na kuchorwa kwenye ramani. Na mauzo yoyote ya shamba la mtu aliyekimbia vita, yaliyofanywa wakati hayupo, yasihesabiwe kuwa halali mpaka yeye au warithi wake wasikilizwe. Jambo hili likibaki nje ya mikataba, tunaona wazi kwamba hata majeshi yote ya kigeni yakiondoka leo, kiangazi kijacho kitatukuta palepale.

4. Kwamba madini yetu yanaendelea kulipia risasi.

Aprili 2024 M23 waliiteka Rubaya, wilayani Masisi, penye machimbo ambayo yanakadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya tantalamu ya dunia nzima, ile inayotumika kwenye simu na kompyuta. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi hilo lilijipatia takriban dola 800,000 kwa mwezi kwa kutoza ushuru wa koltani ya hapo, na kwamba mawe hayo yalivushwa na kuchanganywa na ya Rwanda. Dhahabu ya Fizi na ya Kamituga nayo ina njia zake, na hata askari wa serikali yetu na makundi yanayojiita ya kizalendo wamekuwa wakitoza ushuru kwenye mashimo.

Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 kuhusu madini ya vita, na sheria ya Umoja wa Ulaya ikaanza kutumika mwaka 2021. Tunashukuru. Lakini tunakumbuka pia Septemba 2010, serikali yetu ilipopiga marufuku uchimbaji mdogo katika Kivu na Maniema kwa miezi kadhaa: aliyeumia ni mchimbaji mwenye sururu na mke wake anayepika ugali pale mgodini. Mwenye silaha aliendelea kusafirisha usiku. Tunaomba kila nchi ya Maziwa Makuu itangaze hadharani, kila mwaka, imechimba kiasi gani na imeuza kiasi gani, ili tofauti ionekane na kila mtu, na tunaomba mfumo wa vyeti ambao nchi zenu zilikubaliana Lusaka mwaka 2010 utekelezwe na mwenye kukiuka azuiwe kuuza. Mchimbaji mdogo asiguswe.

5. Kwamba majeshi ya jirani yanaingia na kutoka nchini mwetu.

Tumeishi na majeshi ya nchi nyingi. Juni 2000 jeshi la Rwanda na la Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wa Kisangani, mji usio wa nchi yoyote kati ya hizo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu dhidi ya Uganda mwaka 2005, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe fidia ya dola milioni 325. Tarehe 24 Februari 2013 nchi 11 zilitia saini Addis Ababa kwamba hakuna itakayoingilia mambo ya mwenzake wala kuhifadhi wahalifu. Tarehe 21 Februari 2025, baada ya Goma na Bukavu kutekwa, Baraza la Usalama lilipitisha kwa kauli moja azimio namba 2773 likiitaka Rwanda kwa jina iondoe majeshi yake.

Rwanda inakana, na inasema hofu yake ni FDLR. Hofu hiyo hatuibezi. Waliounda FDLR walitokana na jeshi na wanamgambo waliotekeleza mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na wanakijiji wa kwanza kuteswa na watu hao katika misitu ya Kivu tulikuwa sisi. Kama serikali yetu imewatumia katika mapigano, tunasema mbele yenu kwamba imekosea. Lakini miaka zaidi ya 30 imepita, na hatuwezi kukubali kwamba njia ya kuwasaka watu hao ni kuiteka miji na migodi yetu.

Tunaomba ratiba moja yenye tarehe, ambamo kuondoka kwa askari wa kigeni na kunyang'anywa silaha kwa FDLR vinakwenda pamoja, na wathibitishaji wanaotembea vijijini na kuuliza watu, wasiobaki hotelini wakisubiri taarifa za majeshi yenyewe. Matokeo yatangazwe kila mwezi.

6. Kwamba walinzi wa amani wametumwa bila kupewa njia ya kulinda.

Umoja wa Mataifa uliingia Kongo kwa mara ya kwanza mwaka 1960, na Katibu Mkuu wake Dag Hammarskjöld alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka 1961 akiwa katika shughuli za amani ya nchi yetu. Ulirudi mwaka 1999, na tangu mwaka 2010 ujumbe wake unaitwa MONUSCO. Hatusahau waliokufa kwa ajili yetu. Desemba 2017 huko Semuliki, karibu na Beni, zaidi ya askari 10 wa Tanzania waliuawa katika shambulio moja. Januari 2025 askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania walikufa wakati Sake na Goma zikianguka. Kwa familia zao tunasema poleni, na tunasema asante.

Lakini tuna la kulalamikia. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, Mutarule, kusini mwa Bukavu katika bonde la Ruzizi, watu wapatao 30 waliuawa, wengi wao waumini waliokuwa wamekusanyika kusali. Kambi ya walinzi wa amani ilikuwa kilomita chache kutoka pale, walipigiwa simu, na hawakufika kuwazuia wauaji. Ndugu wa waliouawa wamo kati yetu. Wanauliza swali lile lile hadi leo: kama kilomita chache zilikuwa mbali, karibu ni wapi?

Tunajua kwamba inawezekana. Mwaka 2013 Baraza la Usalama liliunda brigedi maalumu ya askari wapatao 3,000 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikaongozwa na jenerali wa Tanzania, ikapewa ruhusa ya kushambulia. Ikishirikiana na jeshi letu, kabla mwaka haujaisha M23 walikuwa wameshindwa. Kilichotushinda ni yaliyofuata: makundi mengine yaliachwa, jeshi letu halikurekebishwa, mishahara ya askari iliendelea kuliwa njiani, na askari asiyelipwa huishi kwa mali ya raia. M23 waliporudi Novemba 2021, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilileta kikosi chake mwishoni mwa 2022. Kinshasa ilitaka kipigane, wenyewe walisema wamekuja kusimamia usitishaji wa mapigano, na baada ya mwaka mmoja wakaondoka. SADC ikaleta chake Desemba 2023, na Machi 2025 ikaamua kukiondoa. MONUSCO yenyewe ilitoka Kivu Kusini katikati ya 2024, kwa ombi la serikali yetu, na kabla ya mwaka kupita Bukavu ikatekwa. Vikosi vitatu, amri tatu, malengo matatu, na mwanakijiji yule yule akikimbia na godoro kichwani.

Nani wa kulinda sasa? Serikali imewapa silaha vijana wanaoitwa Wazalendo, na baadhi yao ni watoto wa umri wa shule. Tunaelewa hasira iliyowaingiza. Hata hivyo tunaogopa siku vita vitakapokwisha, wakabaki na bunduki bila mshahara, na tutakuwa tumerudi katika lalamiko letu la kwanza.

Tunaomba kikosi chochote kitakachokuja, cha Umoja wa Mataifa au cha kanda, kiwe chini ya amri moja, kazi yake ya kwanza iandikwe kuwa kulinda raia, na kamanda atakayepigiwa simu na asitoke atoe maelezo hadharani. Tunaomba kisiondoke mkoa wowote mpaka polisi na jeshi la serikali wawepo, wamelipwa, na wananchi wa mahali hapo wameulizwa. Na tunaomba watoto walio na silaha, wa upande wowote, watolewe sasa bila kusubiri mkataba.

7. Kwamba waliotuua hawajaulizwa.

Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulichapisha ripoti iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini Kongo kati ya 1993 na 2003. Kasika imo. Makobola imo. Mapigano ya Kisangani yamo, na mauaji ya wakimbizi wa Kihutu yamo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai imewatia hatiani Thomas Lubanga, Germain Katanga na Bosco Ntaganda, wote kwa makosa ya mkoa wa Ituri. Kwa matukio ya kwetu yaliyomo katika ripoti ile, hakuna mahakama iliyoundwa. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ameliomba jambo hili mara nyingi mbele ya wakubwa wa dunia.

Tunaomba mahakama maalumu ya mchanganyiko, yenye majaji Wakongo na wa kutoka nje, iundwe na ikae ndani ya Kivu, ipokee ushahidi wa wakimbizi huku tuliko kabla mashahidi wazee hawajaisha. Na pasiandikwe msamaha kwa makosa hayo, iwe Doha au popote.

8. Kwamba tunahimizwa kurudi wakati njia bado inawaka.

Tarehe 4 Desemba 2025 marais wa Kongo na Rwanda walitia saini mapatano ya amani Washington. Siku chache baadaye M23 waliingia Uvira, na makumi ya maelfu ya ndugu zetu wakavuka kwenda Burundi. Wengine wetu tulikuwa tumekwisha kuwaambia watoto wakusanye vyombo. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi unasema kurudi ni kwa hiari. Tunaomba usemi huo uheshimiwe, na tunaiomba Tanzania, ambayo imetuvumilia kuliko tulivyostahili kuomba, ituvumilie mpaka Uvira, Fizi na Mwenga ziwe mahali pa kulala usingizi.

Waheshimiwa,

Kuna ombi moja la mwisho, dogo kwa gharama. Mikataba tuliyoitaja humu iliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Hatujawahi kuisoma mingi yake. Tumesikia vipande redioni. SADC ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika mwaka 2022, na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kina nafasi hiyo pia. Tunaomba mkataba wowote utakaotiwa saini kuhusu Kivu uchapwe kwa Kiswahili siku hiyo hiyo, ubandikwe kwenye ofisi za watawala wa jadi, makanisa, misikiti na kambi, ili mwanakijiji ajue ameahidiwa nini na nani, na aweze kudai.

Tunaomba risala hii isomwe katika kikao chenu kijacho cha pamoja, iingizwe katika kumbukumbu za kikao hicho, na tupewe majibu kwa maandishi, hoja kwa hoja, kupitia uongozi wa kambi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wawakilishi wa wakimbizi wa Kivu,
Nyarugusu, Kasulu, Kigoma.